Mradi wa Watoto Baada ya Shule: Lini ni Malezi, Lini ni Kibarua?



Parokia nyingi zina ukumbi unaokaa mtupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Zina pia watoto wanaotoka shuleni alasiri huku wazazi wao wakiwa bado sokoni, shambani au kazini. Wengine huenda tuisheni, wengine hubaki mtaani. Njia mojawapo ya kuwalea katika saa hizo ni mradi: kundi dogo la watoto huchagua jambo moja la kutengeneza, hulifanya kwa wiki kadhaa, kisha huwaonyesha watu walichokamilisha.

Wazo hili si geni. Mwaka 1918 Mmarekani William Heard Kilpatrick aliandika juu ya kujifunza kwa mradi, akisisitiza kwamba kiini chake ni kusudi ambalo mtoto mwenyewe amelipokea kwa moyo. Karne nyingi kabla yake Aristotle, ambaye sisi tunaosoma falsafa hatuwezi kumkwepa, alieleza kwamba fadhila hupatikana kama ufundi: kwa kutenda. Mtoto hawi mwaminifu kwa kunakili maana ya uaminifu ubaoni. Anahitaji kukabidhiwa kitu, hata kama ni daftari la fedha za kundi.

Tuchukue mfano wa kitalu cha mipapai. Watoto kumi wa Utoto Mtakatifu wanakusanya mbegu, wanajaza udongo na samadi kwenye viriba, wanapanga zamu za kumwagilia na kuandika tarehe mbegu zilipochipua. Hesabu, sayansi na uandishi vinakutana kwenye daftari moja. Zamu ikirukwa wakati wa jua kali, miche hunyauka. Hapo mlezi hahitaji fimbo. Anauliza tu kwa nini safu ile imekauka, na watoto wanapanga upya. Mwishoni wanauza miche kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo na kuwasomea waamini mapato na matumizi.

Lakini kitalu hichohicho kinaweza kugeuka kuwa shamba la parokia linalolimwa bure na watoto. Hatari hiyo aliijua vizuri Mtakatifu Yohane Bosco. Huko Turin, Italia, alianza mwaka 1841 kuwakusanya vijana maskini, wengi wao wakiwa wamefika mjini kutafuta kazi na kuishia kutumikishwa. Aliwapa sala, michezo na masomo ya jioni, lakini hakuishia hapo. Aliwafuata mafundi waliowaajiri, akaandikiana nao mikataba. Mkataba wa Februari 1852 ulimtaka fundi seremala amfundishe kijana ufundi wake, amrekebishe kwa maneno tu, asimpe kazi zisizohusu ufundi huo, na amwachie siku za sikukuu. Mwaka uliofuata Don Bosco akafungua karakana zake mwenyewe za viatu na nguo.

Mkataba huo unatusaidia kuupima mradi wowote kwa maswali matatu. Je, watoto walishiriki kuuchagua? Je, mtoto anajua leo jambo ambalo hakulijua mwezi uliopita, au anabeba ndoo ileile tu? Je, watoto wana sauti katika matumizi ya fedha zilizopatikana? Jibu likiwa hapana kwa yote, tumepata vibarua wadogo, hata kama kazi inaanza kwa sala.

Ulinzi nao usisahaulike: wazazi watoe ridhaa, walezi wawe angalau wawili, na watoto wafike nyumbani kabla ya giza. Muda wa kucheza na wa kumalizia kazi za shule ubaki palepale.

Sisi waseminari tutakaokwenda utume wakati wa likizo tunaweza kuanza na kundi moja, mradi mmoja mdogo, na tarehe ya kumaliza ambayo wazazi wanaijua. Kabla ya kununua viriba, tuwaulize watoto wanataka kuotesha nini.