Marafiki, Gari la Kulala na Milima ya Mutaho

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni msemo wa mabaharia, lakini wawafaa pia wasafiri wa barabarani, hususan hawa wa siku hizi wanaokodi gari lenye vitanda na jiko ndani yake, wakajikusanya marafiki watano au sita, na kuondoka kwenda kutafuta michezo ya kuujaribu moyo: kupanda miamba, kushuka maporomoko kwa mashua ya mpira, au kulala nyikani karibu na wanyama. Zamani mambo hayo yalidhaniwa kuwa ni ya watalii wa kutoka mbali tu. Leo askari aliye likizoni, mwalimu, muuguzi na fundi wa magari huchanga fedha zao, wakaaga nyumbani, wakaenda.

Hapana ubaya katika burudani hiyo. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili kuipumzisha akili, na nchi zetu ni nzuri mno kuachiwa wageni peke yao. Lakini safari ya marafiki ina hatari moja isiyoonyeshwa na ramani yoyote: aghalabu haina mkuu. Kikosini kila mtu ajua amri yatoka wapi. Katika safari ya marafiki wote ni sawa, kila mmoja aona haya kumwambia mwenzake hapana, na ajali nyingi huanzia katika haya hiyo.

GARI NA NJIA

Gari la kulala si jambo jipya. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunda kombi zake mwaka 1950, na mwaka uliofuata karakana ya Westfalia ikaanza kuzitia vitanda, meza na kabati. Katika Afrika Mashariki wengi hupendelea gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na hema likafungwa juu ya paa. Lo lote utakalochagua, kumbuka kwamba gari lililobeba watu, maji, mafuta na vyombo vya kupikia ni zito. Haliwezi kusimama upesi wala kukata kona kama gari tupu.

Tuichukue njia moja iwe mfano. Marafiki watoka Ngara, Tanzania, wavuka mpaka wa Kabanga na Kobero, waingia Muyinga, wapita Karuzi, wafika Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kutoka Gitega huelekea kaskazini hadi Mutaho, nchi ya vilima, migomba na mibuni. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora, kwani wakati wa mvua njia za udongo katika vilima hivyo huteleza kama sabuni.

Mtanzania, Mkenya au Mganda anayevuka Kobero hukutana na mtihani papo hapo: kwao magari hushika kushoto, Burundi hushika kulia. Usukani wa gari lake uko upande wa kulia, kwa hiyo dereva sasa ameketi karibu na mfereji wa barabara, wala haoni yajayo mbele ya lori analotaka kulipita. Hapana budi aketi pembeni mwake mwenzake aliye macho, asiyelewa wala kusinzia, ambaye kazi yake ni kusema "ngoja" au "pita". Akisema ngoja, dereva angoje. Tena waendesha baiskeli wa Burundi wanasifika kwa kuteremka mbio na mikungu ya ndizi, na wengine kujishika nyuma ya malori wakati wa kupanda, hasa katika barabara itokayo Bujumbura. Mwendo wa usiku katika milima hiyo ni wa kuepukwa kabisa.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja awe na hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na gari liwe na Kadi ya Njano ya bima ya COMESA. Askari au polisi apate kwanza ruhusa ya maandishi ya mkuu wake. Kwa kuwa Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya gari katika miaka ya karibuni, tangi lijazwe kabla ya mpaka. Wanaofikiria kurudi kwa njia ya Rwanda waulize kwanza, maana Burundi iliufunga mpaka huo mwezi Januari 2024.

MTO RUVUBU

Kivutio kikubwa cha upande huo ni Mto Ruvubu. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu ilianzishwa mwaka 1980, nayo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 500 upande wa mashariki. Humo mna nyati, kuro, nyani, ndege wa aina nyingi, na mtoni mna viboko na mamba. Maji ya Ruvubu huungana na ya Nyabarongo karibu na Rusumo, yakawa Mto Kagera, yakaingia Ziwa Viktoria na mwishowe yakafika Misri. Mjerumani Burkhart Waldecker alizifuata njia za maji hayo kwenda juu hadi Rutovu, kusini mwa Burundi, akaitambua huko mwaka 1937 chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Mwaka 1938 pakajengwa piramidi ndogo ya mawe ambayo ipo hadi leo.

Ni habari ya kusisimua, na hapo ndipo kijana mmoja katika kundi hutaka kuvua shati aoge katika maji ya Nile! Asiruhusiwe. Kiboko hula majani, lakini akiziwa njia ya kurudi majini huua. Na mamba haonekani mpaka amekwisha shika. Hata penye maji yasiyo na wanyama hao, maji yaliyotuama yaweza kuwa na kichocho. Ndani ya hifadhi usiende bila mwongozaji, na hema lisisimamishwe kwenye njia ya wanyama ishukayo mtoni.

Wanaotaka maji ya kasi wana mahali pake. Jinja, Uganda, watu hushuka mawimbi ya Nile kwa mashua za mpira wakiwa na kofia ngumu, jaketi la kuokoa maisha na waongozaji waliofunzwa. Hata huko mto hubadilika: Maporomoko ya Bujagali yalimezwa na maji ya bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, na waongozaji wakalazimika kuhamia sehemu nyingine za mto. Ikiwa wao wenye ujuzi husoma mto upya, je, mgeni wa siku mbili?

NDANI YA GARI

Usiku wa nyanda za juu ni baridi, na hapa twasema na mama na baba wa nyumba. Msafiri asithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari au hema ili kupata joto, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi usingizi mzito, akalala, asiamke tena. Mapishi yote yawe nje. Joto litafutwe katika mablanketi, soksi na uji wa moto.

Chakula kiwe chepesi kutunza: unga, mchele, dagaa, chumvi, majani ya chai. Maharage, ndizi, viazi vitamu na maparachichi vyapatikana masokoni njiani. Maji ya kunywa yachemshwe jioni yapoe usiku. Vyandarua visisahaulike, kwani malaria ipo Burundi. Sanduku la dawa liwe mahali panapojulikana na wote, si chini ya mizigo.

Jambo jingine ni karatasi ya njia. Iandikwe siku kwa siku, nakala moja ibaki nyumbani kwa mke, mume au mzazi, pamoja na saa ya kupiga simu. Familia iliyobaki haikuomba kuingizwa katika mchezo wa hofu. Ina haki ya kujua jamaa yao yuko wapi.

WENYEJI WA MUTAHO

Liko pia jambo la adabu. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo, aliuawa, na mauaji yakaenea nchini. Milima ya Gitega, Mutaho ikiwamo, iliumia sana; wengi walikufa na wengine waliishi kambini kwa miaka. Mapatano yalitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000, baada ya juhudi zilizoanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Hata hivyo mapigano yaliendelea, na kundi kubwa la mwisho la waasi liliweka silaha mwaka 2009.

Kwa hiyo marafiki wanaopita Mutaho wakitafuta msisimko wajue kwamba wapita kwa watu walioijua hofu isiyo ya mchezo. Haifai kumhoji mzee kuhusu miaka ile ili kupata hadithi ya kusimulia. Haifai kupiga muziki usiku wala kumpiga mtu picha bila idhini. Wasalimieni, nunueni ndizi zao, ombeni ruhusa ya kuegesha gari. Jumamosi asubuhi mkikuta watu katika kazi za pamoja, subirini. Anayetaka kuuona moyo wa nchi hiyo aende Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, asikie ngoma za kifalme zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu.

MKUU WA SAFARI

Basi, kabla ya kuwasha injini, marafiki wamchague mkuu mmoja. Asiwe mwenye fedha nyingi wala mwenye sauti kubwa, bali mwenye utulivu. Wakubaliane mapema mambo matatu: mkuu akisema turudi, safari yarudi, mtu ye yote akisema naogopa, hachekwi, na aliyekunywa pombe hashiki usukani wala kasia. Kila jioni wakae robo saa waulizane nani amechoka, nini kimeharibika, na kesho kuna nini.

Wako watakaosema kwamba kanuni hizo zauondoa utamu. Lakini ye yote aliyewahi kulinda doria ajua kwamba mtu hufurahia mlima akiwa na hakika na wenzake. Ushujaa si kuruka kila mtu arukapo. Wakati mwingine ni kusimama ukingoni mwa mto mzuri, marafiki wote wakikutazama, ukasema, "Hapa haturuki," kisha ukawarudisha wote salama kwa jamaa zao.