Mvuke Ndani ya Nyumba: Hewa ya Nakuru Inahitaji Unyevu Kiasi Gani?

Kwenye miteremko ya mlima Eburru, kati ya Naivasha na Gilgil, mvuke hufuka kutoka ardhini mchana na usiku. Mto wa kudumu hakuna, kwa hiyo wakazi huteka maji kutoka kwenye mvuke huo. Hutega mabomba juu ya matundu ya mvuke. Mvuke ukipita ndani ya bomba hupoa na kugeuka matone, nayo matone hudondoka kwenye tangi. Maji hayo hupikiwa, hunyweshwa mifugo, na maisha yakaendelea.

Mashine ndogo ya mvuke ambayo mzazi mjini Nakuru hununua kwa ajili ya chumba cha mtoto hufanya kazi hiyo kinyumenyume. Hupewa maji, huyachemsha, kisha hupuliza mvuke chumbani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 badala ya 100, lakini kuchemka ni kuchemka: mvuke unaotoka unaweza kumbabua mtu. Watu huifikiria mashine hii zaidi miezi ya Januari na Februari, vumbi linapotimka, midomo inapopasuka na watoto wanapoamka pua zimeziba.

Je, hewa ya Bonde la Ufa ni kavu kiasi hicho?

Mchana, ndiyo. Hewa yenye nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipata joto la nyuzi 27, uwezo wake hupanda hadi karibu gramu 26. Alfajiri ya Januari hewa inaweza kuwa imeshiba hadi umande ukatanda kwenye nyasi. Ifikapo saa nane mchana maji ni yaleyale ila nafasi imepanuka, na hewa iliyokuwa imejaa asubuhi sasa imejaa kwa thuluthi moja hivi. Wataalamu husema unyevu wake umeshuka hadi asilimia 36.

Usiku mambo hugeuka. Chumba kikipoa hadi nyuzi 20, gramu zilezile 9 huwa zaidi ya nusu ya kile ambacho hewa inaweza kubeba. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, EPA, hupendekeza unyevu wa asilimia 30 hadi 50 ndani ya nyumba. Kwa hiyo mara nyingi mashine huwashwa saa ileile ambayo hewa imeanza kujirudishia unyevu yenyewe. Ushauri wa kuiwasha usiku kucha umetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako hewa ya baridi kali huingizwa ndani na kupashwa moto majira yote ya kipupwe, ikawa kavu mno. Nyumba nyingi za Nakuru hazina mitambo ya kupasha joto.

Wakulima wa maua wa Naivasha wanajua vizuri kwamba hewa hujirudishia unyevu usiku. Shida yao kubwa ya usiku ni unyevu uliozidi: baridi ikishuka, umande hutanda kwenye majani na petali, na kuvu hupata mahali pa kuota. Mwaka 2003 shamba la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, lilianza kutumia joto la kisima cha mvuke cha Olkaria kupasha vibanda vyake vya maua, eneo la hekta 50. Joto lilipitishwa katika mabomba ya maji moto, na mvuke wenyewe haukuingia kibandani. Hewa ikipata joto bila kuongezewa maji, unyevu wake hupungua na kuvu hukosa nguvu. Chumba cha kulala nacho kina kuvu wake. Unyevu ukipita asilimia 60 kwa siku nyingi, kuta huota ukungu mweusi, na wadudu wadogo wa vumbi huzaana magodoroni. Kwa mtoto mwenye pumu, hilo ni baya kuliko ukavu wenyewe. Ndiyo maana kifaa cha kwanza kununua ni higromita, kipimo kidogo cha unyevu cha kutundika ukutani.

Kipimo kikionyesha kwamba hewa ni kavu kweli, maji yanayohitajika si mengi. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina mita 30 za ujazo. Kuinua unyevu wake kutoka asilimia 30 hadi 50 kunahitaji gramu 120 hivi za maji, yaani kama nusu kikombe. Taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, likaanikwa chumbani, linatosha. Mashine ya mvuke nayo hula karibu uniti 0.7 za umeme kwa kila lita inayoigeuza mvuke, na dirisha likiwa wazi au mlango ukiwa na mwanya, unyevu huo hutoka nje na tokeni zikapotea.

Mashine ya mvuke ina sifa moja inayofaa eneo hili. Maji ya visima vingi vya Nakuru na Naivasha yana floraidi nyingi, chumvi inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya kuipunguza kwa miaka mingi, kwa kuchuja maji kupitia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Maji yakichemka, chumvi hubaki chini na mvuke huondoka bila chumvi hizo. Mashine za mtetemo, zile zinazotoa ukungu baridi, hazichemshi chochote: hurusha maji pamoja na chumvi zake, na vumbi jeupe hutua mezani. Ubaya wa ile ya mvuke ni ukoko unaoganda ndani yake, nao huondolewa kwa siki. Baadhi ya mashine za mvuke hupitisha umeme moja kwa moja kwenye maji. Hizo, zikijazwa maji safi ya mvua, hukaa kimya, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vya kutosha.

Kuhusu tiba, matumaini yamezidi ushahidi. Kujifukiza kwa majani ya mikaratusi ni desturi ya zamani, na mwaka 2020, korona ilipoingia Kenya, sufuria na mashuka yalitolewa upya. Mvuke huweza kumpa mtu nafuu ya muda ya pua iliyoziba. Hata hivyo, uhakiki wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, wa majaribio ya mvuke kwa wenye mafua haukupata ushahidi kwamba unasaidia kwa uhakika, na mvuke hauui virusi mwilini. Kinachojulikana wazi ni madhara ya sufuria ya maji moto inayopinduka mapajani mwa mtoto.

Hatari nyingine iko Molo, Njoro na Mau Narok, kwenye baridi kali: jiko la makaa hubebwa chumbani, sufuria ikatokota juu yake, milango ikafungwa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua familia iliyolala. Jiko hilo halina nafasi chumbani, hata kwa sababu ya kikohozi.

Kikohozi chenyewe hupimwa kwa kuhesabu pumzi huku ukitazama saa, mtoto akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mwenye mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, apelekwe hospitali usiku huohuo.