Binti anataka masomo ya sinema: parsele isiuzwe kwanza

Mwaka huu tena, kati ya mabinti wa mwaka wa sita wa sekondari, yuko mmoja asiyetaka kusikia habari ya udaktari wala sheria. Anataka sinema, na shule aliyoichagua ni La Fémis ya Paris. Mama yake, mwenzetu katika MUSO, amekwisha kumwonyesha mnunuzi parsele yake, kwa sababu kuna mtu aliyemwahidi kwamba akilipwa ataleta karatasi ya kukubaliwa shuleni. Ndiyo sababu tunaandika habari hii juma hili.

Tuanze na hesabu, maana sisi walimu ni desturi yetu. Katika shindano lake kuu, La Fémis huchukua wanafunzi wapatao 40 kwa mwaka. Wanaoomba ni zaidi ya 1,000. Kwa hiyo katika watu mia, hata wanne hawafiki. Tena nafasi hizo zimegawanywa: picha, sauti, montaji, na kadhalika. Kwa wale wanaotaka kuongoza filme, kama huyu binti, nafasi ni sita hivi.

Lakini kuna jambo linalotangulia hesabu hiyo. La Fémis inadai miaka miwili ya masomo makuu baada ya sekondari. Finalisti mwenye diploma ya Serikali peke yake hawezi hata kuingia katika shindano. Basi huyo anayeahidi kumwingiza mwaka huu anauza kitu ambacho hana. Hakuna mlango wa nyuma: kuna dosie, mitihani na majaji.

Ubelgiji ni tofauti kidogo. INSAS ya Brussels na IAD ya Louvain-la-Neuve hupokea waliomaliza sekondari, ila kwa mtihani wa kuingia. Diploma yetu nayo inahitaji ekivalansi, yaani karatasi ya huko inayoitambua. Kwa kawaida maombi ya ekivalansi hufungwa tarehe 15 ya mwezi wa saba, na mara nyingi finalisti wetu siku hiyo bado anangoja matokeo ya Exetat. Halafu kuna viza, ambayo inataka uonyeshe pesa za kumtunza mtoto huko.

Je, tumwambie binti aache? Hapana. Mwezé Ngangura alizaliwa Bukavu, akasoma IAD, na filme yake Pièces d'identités ikapata tuzo kubwa ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Djo Munga wa Kinshasa alisoma INSAS. Aliporudi alifundisha vijana, na katika kazi hiyo ikatoka filme fupi ya Dieudo Hamadi na Divita Wa Lusala, Dames en attente, juu ya wamama waliozaa na kuzuiwa maternite kwa kukosa pesa za kulipa. Nani kati yetu hajui jambo hilo? Hamadi huyo, mtoto wa Kisangani, alianzia masomo ya utabibu. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wanaohangaikia Exetat bila minerval. Na Machérie Ekwa Bahango, msichana wa Kinshasa, alijifunza mwenyewe. Filme yake Maki'la ilionyeshwa Berlin mwaka 2018.

Hawa walianza na vitu walivyoviona karibu yao. Na ndicho majaji wanachotafuta. Katika hatua ya kwanza, La Fémis hutoa mada, na mwombaji hufanya uchunguzi wake: huenda mahali, huuliza watu, huandika, huweka picha. Baadaye huonyeshwa kipande cha filme akieleze kwa maandishi. Yote kwa Kifaransa. Hapo ndipo tunapomhofia binti yetu kuliko penye pesa: Kifaransa chake kinakimbia mdomoni, lakini kwenye karatasi kinachechemea.

Kwa maoni yetu, aingie kwanza masomo makuu hapa nyumbani. Historia au Kifaransa katika ISP vinamfaa kuliko watu wanavyodhani, kwani humzoeza kuandika na kuchunguza, na miaka miwili itakuwa imepatikana. Wakati huo achukue telefone aliyo nayo, aende penye bomba la maji saa kumi na moja asubuhi, apige filme ya dakika tano, airudie mpaka ieleweke bila yeye kuieleza. Asisahau kuwaomba ruhusa wanaochota. Kwa walio Goma, kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana wengi kushika kamera.

Mama naye ana kazi. Binti anapoandika usiku, vyombo vioshwe na kaka zake mara moja moja.

Jumamosi, baada ya mkutano wa kikundi, tutakaa na mabinti wenye nia hii kusahihisha maandishi yao. Waje na daftari na bilteni za miaka miwili ya mwisho. Na mwenye kuahidiwa karatasi za shule kwa pesa atuonyeshe kwanza alichoandikiwa, kabla ya kulipa hata franka moja.