Upepo Huling'oa Paa kwa Kulinyonya: Mafunzo ya Maabara kwa Ujenzi wa Vijijini

Bati linapong'olewa na upepo unaotangulia mvua katika Kata ya Buganguzi, wilayani Muleba, wengi husema upepo umelisukuma. Wahandisi husema umelinyonya kuelekea juu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fundi aongeze misumari wapi.

Jambo hilo hupimwa katika handaki la upepo, yaani chumba kirefu cha maabara ambamo feni kubwa huvumisha hewa kwenye mfano mdogo wa jengo, wenye matundu membamba ya kupimia mgandamizo. Mfano huo huzungukwa na mifano ya majengo jirani, kwa kuwa upepo hubadilika kulingana na unachokipitia. Jengo la Burj Khalifa la Dubai, lenye urefu wa mita 828, lilipimwa hivyo nchini Kanada, na umbo lake likarekebishwa kutokana na matokeo.

Zahanati ya kata haihitaji kupelekwa Kanada. Nyumba fupi zimekwishapimwa, na matokeo yake yamo katika kanuni za usanifu. Hewa ikigonga ukuta hupanda, hujitenga na paa kwenye ukingo, na kuacha mnyonyo mkali zaidi kwenye kingo na kona. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Mlango ukiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku nje likinyonywa.

Kwa hiyo misumari ikaribiane zaidi kwenye kingo na kona. Muhimu zaidi, kenchi zifungwe kwa ukanda wa chuma hadi kwenye mkanda wa zege ulio juu ya ukuta, kwani bati lililoshikwa imara kwenye kenchi isiyofungwa huondoka pamoja nayo. Paa la pande nne nalo hustahimili kuliko la pande mbili. Msonge wa Wahaya, wa duara na wenye nyasi zilizoshuka hadi chini, haukuwa na kona ya kunyonywa.

Madarasa yaliyojengwa kileleni yanahitaji uangalifu zaidi, maana upepo huongeza kasi unapopanda kilima. Kamati za ujenzi zinazosimamia fedha za umma na nguvu za wananchi zinashauriwa kumwita mhandisi wa halmashauri akague ufungaji wa kenchi kabla bati na dari havijaufunika.