MHASIBU WA JUMUIYA YA MITO NA DHAMANA YAKE

Nchini Uingereza zipo jumuiya za hiari zinazoshughulika na kurejesha mito katika hali yake ya asili. Jumuiya hizo huondoa vizingiti vya zamani ili samaki wapate kupanda juu ya mto, hupanda miti kingoni, na huwasaidia wakulima kuweka uzio ili mifugo isibomoe kingo. Nyingi ni ndogo, na mhasibu wake huajiriwa kwa siku mbili au tatu tu kwa wiki. Makala haya yanaeleza kazi ya mhasibu huyo, kwani hapa Visiwani pia wamo watumishi na wananchi wanaotunza fedha za jumuiya.

Kwanza, ni kutenga mafungu. Fedha iliyotolewa kwa shughuli maalumu ni amana. Fungu la kuondoa kizingiti haliwezi kulipia kodi ya ofisi. Tuchukulie kwa mfano kwamba benki kuna pauni 90,000, na kati ya hizo 85,000 ni za miradi. Fedha ambayo jumuiya ina hiari nayo ni pauni 5,000 tu. Kwa hivyo kila malipo huandikwa pamoja na jina la mradi wake.

Pili, ni ripoti kwa wafadhili. Wafadhili wengi hulipa baada ya kazi kufanyika na stakabadhi kuwasilishwa. Nao mto una majira yake: miti hupandwa baina ya Novemba na Machi, na kazi za ndani ya maji hufanywa zaidi wakati wa joto, mayai ya samoni yakiwa yameshaanguliwa. Ripoti ikichelewa wiki chache, fedha hukosekana, msimu hupita, na kazi huahirishwa mwaka mzima. Aidha, baadhi ya wafadhili huzihesabu saa za watu wa kujitolea kuwa ni mchango wa jumuiya, ilimradi daftari la mahudhurio lipo.

Tatu, ni hesabu za mwaka. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2011 inayotumika England na Wales, kumbukumbu za fedha hutunzwa kwa muda usiopungua miaka 6. Jumuiya zinazotakiwa kuwasilisha hesabu kwa Tume ya Jumuiya za Hisani hupewa miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kumalizika.

Inafaa ieleweke kwamba mhasibu huandaa hesabu, lakini wanaojibu mbele ya sheria ni wadhamini. Hivyo basi, haifai mtu mmoja aandike hundi, aidhinishe malipo na kulinganisha salio la benki peke yake. Wadhamini wanapaswa kuuliza kila mwezi: katika fedha hizi, zetu ni ngapi, na za mradi ni ngapi? Jumuiya isiyoweza kujibu suali hilo huenda imekwishaanza kutumia amana ya watu bila ya kujua.