Sekunde za ruta zinazoamua uhai wa mtandao

MTANDAO wa tarakilishi unapokatika, lawama huelekezwa kwa nyaya. Hata hivyo, muda ambao mtumiaji hukaa gizani huamuliwa pia na vipima muda vilivyomo ndani ya ruta, yaani mitambo inayoielekeza data njia ya kupitia.

Ruta hujuliana hali. Katika itifaki ya OSPF, kwa kawaida kila ruta hupelekea jirani zake salamu kila baada ya sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, huhesabiwa amekufa na njia nyingine hutafutwa. RIP, itifaki kongwe zaidi, husubiri sekunde 180. Dakika tatu nzima data hutupwa shimoni!

Mhandisi hushawishika kupunguza: salamu kila sekunde moja, subira ya sekunde nne. Kwenye kiungo imara hilo hufaa, mradi pande zote mbili zibadilishwe, kwani viwango vikitofautiana OSPF haiundi ujirani kamwe. Lakini kwenye kiungo kinachoyumba, au ruta iliyolemewa na kazi, salamu kadhaa hupotea na jirani aliye hai huzikwa. Akifufuka, ruta zote hukokotoa njia upya. Punde si punde, anazikwa tena. Afadhali basi kiungo kilichokatika moja kwa moja.

Hatari nyingine hutokana na saa kulingana mno. Mnamo Mei 1992, watafiti Sally Floyd na Van Jacobson wa Marekani walituma vifurushi elfu moja vya majaribio kutoka Berkeley hadi chuo cha MIT, kimoja kila sekunde hivi. Angalau asilimia 3 vilipotea, na upotevu ulijirudia kila sekunde 90. Kumbe ruta za njiani, ingawa kila moja ilikuwa na saa yake, zilikuwa zimejikuta zikitangaza njia zao kwa wakati mmoja, na zilipokuwa zikishughulikia matangazo hayo data ilikwama. Dawa waliyopendekeza mwaka 1993 ni rahisi ajabu: muda uchaguliwe kwa bahati nasibu. Badala ya sekunde 30 kamili, ruta ichague popote kati ya 15 na 45.

Tangu 2010, itifaki sanifu ya BFD huweza kugundua kifo cha kiungo kwa milisekunde, hivyo salamu za OSPF zinaweza kubaki katika sekunde zake 10.