Mgonjwa Amerudi Nyumbani, Kazi Imeanza

Leo tunataka kuzungumza juu ya nyumba ambayo mtu wake ameumia ubongo. Labda alianguka na bodaboda bila helmeti, labda aliteleza juu ya mwembe, labda alipigwa na wezi usiku. Alilala hospitalini majuma mengi, kisha akaamka, na daktari akasema, "Sasa mpelekeni nyumbani." Siku hiyo twaimba na kuchinja kuku, na ni haki yetu kushukuru. Lakini wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Hasha! Ndiyo kwanza inaanza, tena inafanyika jikoni, chumbani na uani, na wafanyakazi wake ni jamaa wa nyumba ile.

Ubongo hauponi kama mfupa, ambao ukifungwa vizuri hujiunga wenyewe. Sehemu iliyokufa haioti tena. Lakini sehemu zilizo nzima zaweza kujifunza baadhi ya kazi zilizopotea, nazo hujifunza kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi, siku baada ya siku. Miezi ya kwanza maendeleo huonekana upesi. Baadaye huenda polepole, lakini yaweza kuendelea kwa miaka. Basi saa moja ya mazoezi katika hospitali ya kaunti, ingawa ina faida kubwa, haitoshi. Atakayelirudia jambo hilo mara mia pamoja na mgonjwa ni yule anayekaa naye.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zaonyesha jambo hili vizuri, ingawa ni wa mbali. Katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka wa 1943, askari Mrusi aitwaye Zasetsky alipigwa risasi upande wa kushoto wa kichwa. Akasahau kusoma na kuandika. Vitu vya upande wa kulia hakuviona, na akitoka nje alipotea njia katika mji wa kwao. Alihangaika sana kutafuta umbo la kila herufi. Ndipo siku moja akaambiwa aandike neno zima kwa mara moja, bila kuinua mkono wala kufikiri herufi moja moja, na mkono ukaandika! Mazoea ya mkono yalikuwa yamebaki. Aliporudi kwao, kwa mama yake na dada zake, aliandika habari za maisha yake kwa miaka kama 25, kurasa zipatazo 3,000, ingawa kuyasoma aliyoyaandika kulimtaabisha sana. Daktari wake, Alexander Luria, alitoa kitabu juu yake. Zasetsky hakupona, na hatutaki kumdanganya mtu. Lakini alikuwa na kazi yake ya kila siku.

Hapo ndipo sisi wenye huruma tunapokosea. Tunamlisha, tunamvika, tunamjibia akiulizwa jina lake. Mama anasema, "Mwacheni mwanangu, ameteseka vya kutosha." Huruma hiyo yamfunga. Kama anaweza kufunga kifungo kimoja cha shati, akifunge hicho hata kwa dakika tano, nasi tungojee. Mpeni ungo achague maharagwe. Mpeni gunzi apukuchue mahindi kwa ule mkono dhaifu, akunje nguo zilizoanuliwa, aende kisimani pamoja na mwenzake na kurudi. Akivaa, mkono dhaifu uingie kwanza katika shati. Akivua, utoke wa mwisho. Wala msimwinue kwa kuuvuta mkono huo, maana bega lake huumia upesi. Kazi iwe fupi, kisha apumzike, kwa kuwa ubongo ulioumia huchoka kabla ya mwili.

Kwa mwenye kusahau, wekeni kila kitu mahali pamoja siku zote, na daftari moja la mambo ya leo. Mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Na redio izimwe wakati wa mazungumzo, hata kama sisi ndio tunaosema ndani yake.

Yako mambo ya hatari ambayo jamaa lazima wayajue. Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, abaki hivyo nusu saa. Akikohoa kila anywapo maji, daktari aambiwe, kwa maana maji yaweza kuingia mapafuni. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, asipate vidonda. Akishikwa na kifafa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko kinywani; kikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Dawa za kifafa zisiachwe bila daktari, na pombe asionje. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika au akisinzia isivyo kawaida, msingoje kesho.

Linalovunja nyumba nyingi, hata hivyo, ni tabia. Mume aliyekuwa mpole sasa anafoka kwa sababu ya chumvi. Mwingine hutamka maneno ya aibu mbele ya wakwe. Mwingine hukaa tu kutwa nzima, na watu husema ni mvivu. Wapendwa, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hushika hatamu za hasira na kumwamsha mtu aanze kazi. Ikiumia, hatamu hulegea. Wengine hukimbilia kusema amerogwa, au ana pepo, wakamzingira kwa kelele usiku kucha, na kelele ndizo hasa asizoweza kuzistahimili. Tumwombee, naam, lakini kwa sauti ya chini, tena asubuhi apelekwe kliniki. Akiwaka hasira msibishane naye. Mpelekeni mahali pa utulivu, mngojee ipoe.

Na huyo mke je? Analala kitanda kimoja na mtu mwenye sura ya mumewe, asiye yule aliyemwoa. Hawezi kuomboleza, maana hakuna aliyekufa. Shambani anahitajiwa, watoto wanataka karo, na jamaa za mume wanauliza kwa nini mgonjwa amekonda. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne. Sisi tunamwachia mwanamke mmoja kitanda kizima. Harambee ya kulipa hospitali hujaa watu. Mwezi wa sita hakuna anayebisha hodi.

Tungependa kila usharika uwe na orodha ya zamu kwa nyumba kama hiyo: Jumanne wazee wawili wamtembeze mgonjwa hadi sokoni, Alhamisi vijana wapukuchue mahindi pamoja naye, Jumamosi akina mama wafue. Mmoja amsindikize kujiandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa karatasi zile ni nyingi na mke amechoka. Na ukibisha hodi, usianze kwa kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Swali hilo amelijibu kutwa. Mwambie, "Mama, nimekuja kukaa naye mpaka saa kumi. Wewe nenda unakotaka."